Barazani na Shangazi: Salama, ila…

Mezani kwangu kuna barua tano. Zote zimetoka kule watu wa Dar es Salaam wanakokutana kupumzika: kwenye kahawa, kwenye kikoba, uwanjani, mbele ya televisheni ya mpira. Mtu anaanza kuniandikia habari za starehe yake ndogo, halafu katikati ya sentensi linachomoza jambo zito, la ugonjwa au la fedha. Majina nimeyaondoa yote, maana mtaa ni mdogo.

Bingwa wetu wa bao anachoma sindano

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 52, naishi Magomeni. Jioni tunakutana wanaume sita kwenye kahawa, tunacheza bao. Mwenzetu mmoja, ndiye bingwa wetu, ana kisukari na anatumia insulini. Ramadhani iliyopita, yapata saa kumi na moja jioni, alianza kukosea. Mtu anayemaliza hesabu nzima kichwani kabla hajagusa shimo, alikaa na kete mkononi hajui aanzie wapi, jasho linamtiririka. Tukamuuliza, akasema "salama tu, joto hili". Dakika chache baadaye alianguka. Tulimkimbiza zahanati, akawekewa dripu, akazinduka. Mfungo mwingine unakaribia na anasema atafunga kama kawaida. Mimi ni Mkristo. Nikimwambia kitu, naogopa ataona naingilia dini yake. Wenzangu wameniambia ninyamaze. Nifanyeje?

*Jibu:* Marahaba, mdogo wangu. Usinyamaze. Mimi ni Mwislamu, nafunga tangu utotoni, na nimefanya kazi ya uuguzi miaka 33 hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitakujibu kwa pande zote mbili.

Nianze na zile kete. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji wa kweli anaona kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaiachia ya kwanza. Hesabu hiyo ni kazi ya ubongo, na ubongo unaendeshwa na sukari iliyomo kwenye damu. Sukari ikishuka sana, akili huanza kuyumba kabla mtu hajaanguka. Ninyi watano mnaujua mkono wake kuliko daktari yeyote. Mkimwona tena anacheza kama mtoto anayejifunza, anatetemeka, anatoka jasho hali kuna upepo, anafoka bila sababu au maneno yanamponyoka, msilikubali hilo "salama tu". Apimwe sukari hapohapo. Tone la damu la kidoleni halifunguzi swaumu, wanazuoni wengi wamelisema hilo. Mashine ikisoma chini ya 3.9, au chini ya 70 kwa zile zinazosoma kwa miligramu, anafungua saa ileile, hata kama adhana ya Magharibi imebakiza dakika kumi.

Mashine isipokuwepo msiisubiri. Mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda, ila isiwe ile isiyo na sukari. Dakika 15 zikipita bila nafuu, mrudieni. Akipata nafuu ale chakula. Kashata za muuza kahawa msizitegemee kwa kazi hii, maana mafuta ya karanga huichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Na akishazimia msimtie kitu chochote mdomoni, kitampalia. Mlazeni kwa ubavu, mtafute gari.

Sasa dini. Qurani yenyewe, Surat al-Baqara aya ya 184 na 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na wanazuoni wamesema ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka atalisha maskini kwa kila siku aliyokula. Anayeitumia ruhusa hiyo yumo ndani ya dini sawasawa na anayefunga. Wewe lakini huna haja ya kumwambia asifunge. Hilo ni la daktari wake na imamu wake. Wapo wenye kisukari wanaofunga vizuri wakishapangiwa dawa upya, hasa wanaotumia vidonge vya metfomini peke yake. Hatari kubwa ya kushukiwa na sukari iko kwa wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi. Funga yetu hapa Dar ni saa 13 na kidogo, mwaka wowote, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, na sindano iliyopimwa kwa mtu anayekula mchana itafanya kazi yake vilevile mchana wa Ramadhani. Ndiyo maana anatakiwa amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, na asijipunguzie dozi kwa mawazo yake.

Kumwambia, usimwambie mbele ya bao. Pale yeye ni bingwa, na hakuna bingwa atakayekubali udhaifu mbele ya watu anaowafunga kila siku. Msindikize nyumbani. Mkiwa mnatembea, kila mtu macho yake mbele, mwambie: "Ndugu yangu, mwaka jana ulipoanguka kichwa chako nilikishika mimi. Tangu siku ile nikikuona umekaa kimya sana kwenye bao, moyo unanienda mbio. Twende wote kliniki kabla ya mfungo, mimi nitakaa nje kukusubiri." Kisha umsikilize. Akisema yeye mzima, msindikize tena kesho yake.

Nasisitiza hivi kwa sababu mimi nilinyamaza. Barazani kwangu Mtoni tunakaa wanawake wanne kila alasiri, tunasuka ukili. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu. Akifika, tunasalimiana kama watu wote. Za tangu jana? Salama. Za nyumbani? Salama. Wewe mwenyewe? Salama tu, ila mguu kidogo. Akishasema hivyo anaukunja mguu wa kushoto chini ya khanga, anavuta ukindu wake, tunaendelea na mengine. Ile "ila" niliisikia zaidi ya mwezi. Nikaona amehama, siku hizi anakaa kwenye ngazi, mbali nasi kidogo. Nikadhani anafuata upepo. Siku moja upepo uligeuka ukavuma kutoka kwake kuja kwetu, na mimi nimefanya kazi wodi ya upasuaji, harufu ile naijua. Niliinuka nikamfunua khanga bila hata kumwomba radhi. Kidole gumba kilikuwa kimeshakuwa cheusi mpaka kwenye fundo. Naye ni mgonjwa wa kisukari, kidonda kilianzia kwenye malengelenge ya kiatu, hakukisikia. Alikatwa vidole viwili. Leo anatembea na anasuka, tunamshukuru Mungu, lakini mimi muuguzi nilikaa hatua tatu kutoka kwenye kidonda kile nikizungumza bei ya ukindu, kwa kuwa alishaniambia salama.

Lugha yetu imetuzoeza kutanguliza salama hata kama kitandani kuna mgonjwa. Habari yenyewe inakuja nyuma ya "ila". Bingwa wenu alisema "salama tu, joto hili". Joto ndiyo ilikuwa ila yake.

Daftari la kikoba halionekani

Shangazi, shikamoo. Nauza vitenge Mbagala. Kikoba chetu kina wanawake 22, tunakutana kila Jumamosi. Hisa moja ni shilingi 5,000, mtu ananunua tatu hadi tano. Mweka hazina ni shoga yangu tangu darasa la kwanza, watoto wetu wanaitana ndugu. Mwezi ujao tunavunja kikoba tugawane. Nilimwomba daftari nione hisa zangu, akaniuliza kama simwamini. Mara ya pili akasema mtoto amelimwagia chai. Wenzangu nao wanaguna pembeni lakini hakuna anayesema kikaoni. Nikisema mimi, urafiki umekwisha.

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Kwanza tupige hesabu. Wanawake 22, kila mmoja akinunua hisa tatu tu, ni shilingi 330,000 kwa Jumamosi moja. Jumamosi 50 ni shilingi 16,500,000, na hapo sijaweka riba ya mikopo wala faini za wachelewaji. Mzigo huo mmembebesha mtu mmoja na daftari moja. Hata kama shoga yako ni mwaminifu kupita wote, mmemweka pabaya.

Mwaka 1994 tulikuwa wauguzi kumi kwenye upatu, shilingi 5,000 kila mshahara ukitoka. Mimi nilikuwa wa nane kupokea. Zamu ya sita ilipofika, mwenzetu aliyekuwa akikusanya akasema subirini kidogo. Zamu ya saba, subirini kidogo. Sote tulikuwa tukimjadili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na akiingia tunaanza kuzungumza habari za mvua. Miezi mitatu tulifanya hivyo. Siku nilipomfuata kwake jioni na kumuuliza, alikaa chini sakafuni akalia, akaniambia mumewe alizichukua zile fedha akanunulia mashine ya kusaga, na mashine imekufa. Alikuwa hali wala halali. Aliniambia, "Nilikuwa naomba kila siku mmoja wenu aniulize." Tulikubaliana atarudisha kidogo kidogo, na alirudisha zote, ilimchukua mwaka na nusu. Bado tunapigiana simu za Idi.

Kwa hiyo nenda kwake leo, peke yako, na kitu mkononi, hata chapati mbili. Usiulize habari za daftari kwanza. Muulize yeye yukoje, na maswali ya nyumbani yapeleke taratibu mpaka kwenye fedha. Mwambie wazi kwamba Jumamosi utaomba hesabu za wote zisomwe kabla ya mgawo, na umekuja kumwambia mapema asije akashtukizwa mbele za watu. Kama kuna shimo, atakuwa na siku chache za kujipanga jinsi ya kulisema.

Kikaoni omba hesabu za watu wote 22, bila kutaja zako wala jina lake. Na baada ya mgawo, msianze mzunguko mpya kwa utaratibu wa zamani. Kila mwanachama awe na kijitabu chake kinachogongwa muhuri kila anaponunua hisa. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa wanawake watatu wasiokuwa viongozi. Anayeandika asiwe anayeshika fedha. Kabla ya kufunga kikao, salio litajwe kwa sauti, na kila mtu aondoke nalo kichwani. Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama chenu visajiliwe. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Siku mtakapogombana, kikundi chenye katiba na usajili kina pa kwenda kulalamika.

Kuhusu urafiki, siwezi kukuahidi kwamba hatanuna. Huenda akanuna wiki mbili. Lakini urafiki wa tangu darasa la kwanza naona umeshaanza kuumia, kwa sababu wewe unamkwepa macho na yeye anakudanganya habari za chai.

Kadi tatu kwa mwezi mmoja

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi huu nina michango mitatu: sendofu, harusi na kipaimara. Kadi za harusi ni 50,000 ya mtu mmoja na 100,000 ya wawili. Nilimwahidi rafiki yangu ile ya wawili, nimeshindwa, na kamati imenitoa kwenye grupu la WhatsApp. Naona aibu hata kupokea simu yake.

*Jibu:* Pokea simu. Au mpigie wewe, leo, umwambie kiasi ulichonacho kweli. Kamati huagiza chakula na kulipia ukumbi kwa kuangalia orodha ya ahadi, na kilichowaumiza ni kwamba ulikuwa umehesabiwa. Mwambie, "Nilijipima vibaya, nina 20,000, na siku ya shughuli niko jikoni kwenu tangu alfajiri." Kisha uende kweli, ukamenye vitunguu. Nimehudhuria harusi nyingi Temeke na Ilala, na wanawake ninaowakumbuka ni wale waliokuwa na macho mekundu ya moshi.

Kuanzia mwezi ujao tenga fungu la michango siku ya mshahara, lolote lile, na likiisha limeisha. Anayekuja baadaye mwambie mapema, na usiandike jina kwenye orodha kwa kuogopa watu wa grupu.

Rafiki yangu na mikeka

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, niko Tandika. Mimi na rafiki yangu tunaangalia mpira kwenye kibanda umiza, mimi Simba yeye Yanga, ndiyo raha yetu. Sasa yeye kila siku anatengeneza mkeka wa kubashiri mechi 12, mkeka ukichanika ananikopa. Ameshafikisha 85,000. Anasema siku ukitiki atanilipa mara mbili.

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Mkeka naoujua mimi ni wa ukindu, na kuupata mmoja wa kulala wawili ni jioni nyingi sana za mikono minne. Kwa hiyo nilimwomba mjukuu wangu anieleze huu wenu, nikaelewa kwamba mechi moja tu ikiharibika, wote umekwenda. Tukaketi na kikokotoo. Hata kama rafiki yako ni mjuzi, kila mechi anapatia mara mbili katika tatu, mechi 12 kwa pamoja zitatiki kama mara moja katika mikeka 130. Na akiweka 2,000 kila siku, kwa mwaka ni shilingi 730,000. Mwonyeshe hesabu hii siku ambayo hakuna mechi, mkiwa wawili tu.

Usimkopeshe tena, hata 500 ya vocha. Akiwa na njaa, mnunulie chipsi mle wote. Zile 85,000 mwandikiane alipe kidogo kidogo bila kungoja mkeka, na mpira endeleeni kuangalia. Akianza kuuza vitu vya ndani au kukopa kwa watu wa riba, mwambie mkubwa wa familia yake anayemsikiliza, hata kama atakukasirikia. Ana umri wa kudanganyika na bado ana umri wa kujirekebisha.

Nimepimwa presha kwenye bonanza

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nakimbia na klabu ya jogging Temeke kila Jumapili. Kwenye bonanza Mwembe Yanga walikuwa wanapima presha bure, nikapima tulipomaliza kukimbia tu, ikasoma 152 kwa 96. Marafiki zangu kila mmoja ana lake. Mmoja ananiambia nile kitunguu saumu kibichi, mwingine anasema ni mawazo, na mwenzangu wa kanisani anasema nisiukiri ugonjwa, niombe tu. Baba yangu alipooza upande mmoja. Naogopa.

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Hofu yako naielewa, hasa kwa habari ya baba. Lakini kipimo kile kilichukuliwa damu ikiwa bado inakwenda mbio, hivyo hakiwezi kukwambia una presha wala huna. Nenda kituo cha afya siku mbili tofauti, asubuhi. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usikimbie. Nenda haja ndogo kwanza. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukae kwenye ngozi na siyo juu ya shati. Usizungumze wakati mashine inapima. Hili la mwisho watu wa Dar linatushinda kabisa. Siku zote mbili ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha, na utaanzishiwa safari yake na daktari. Ikifika 180 kwa 120, na kifua kinauma, pumzi inabana, macho hayaoni vizuri au upande mmoja umeingia ganzi, usingoje asubuhi ya siku ya pili.

Mwenzako wa kanisani anakupenda. Ombeni pamoja, kisha mwombe akusindikize kupima. Barazani kwangu mmoja wetu ni mlokole, humeza kidonge chake cha presha kila asubuhi baada ya sala, na sijawahi kuona imani yake ikipungua kwa ajili hiyo. Kitunguu saumu kitie kwenye mchuzi, lakini usikifanye badala ya dawa. Kukimbia usiache, ila mwambie daktari unakimbia umbali gani. Na punguza chumvi kuanzia leo. Kiasi cha mtu mzima kwa siku nzima hakitakiwi kuzidi gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mchuzi, ya mkate, na ile unayochanganya na pilipili kupaka kwenye mihogo.

Ukishapima, niandikie namba zote nne, za siku ya kwanza na za siku ya pili, ya juu na ya chini. Na uniambie baba anaendeleaje.